Mchumba Wangu Haruhusiwi Kuvuka Barabara

Mpendwa Bi Willodean,

Sijui kama nakuomba msaada au nakuomba ruhusa, na naiandikia safu yako ya gazetini kwa sababu nimeshajaribu kuyasema haya kwa sauti na kila mara yametoka kama hotuba, nami nimechoka kusikiliza hotuba zangu mwenyewe. Nina miaka ishirini na sita, nafundisha chuo upande wa Texas na nalala kwa mama yangu upande wa Arkansas, kwa hiyo navuka Barabara ya Mpaka, inayougawa mji wetu kati ya majimbo hayo mawili, asubuhi nikienda na jioni nikirudi, kama nusu ya watu wa Texarkana, bila hata kufikiri. Mwanamume ninayetaka kuolewa naye haruhusiwi kuivuka. Anafanya kazi kwenye karakana ya matairi ng'ambo ya barabara, na nikisimama kwenye kituo cha basi karibu na kwetu namwona akiinama, namwona akijifuta mikono, naweza hata kujua kama amenyoa ndevu.

Nitamwita Linwood. Ametoka gerezani kwa parole, yaani kabla kifungo chake hakijaisha, na moja ya masharti aliyotia saini ni kwamba asitoke jimbo la Texas bila kibali cha maandishi cha afisa wake. Kwa mtu wa Dallas hilo ni sharti la safari, lakini kwa mtu wa hapa ni sharti la kwenda kununua mkate.

Ujue pia alichofanya, maana sitaki unihurumie kwa kutojua. Miaka kumi na moja iliyopita Linwood aliingia na bastola katika duka la kituo cha mafuta upande wa Texas, na kaka yangu Thaddeus akasimama mlangoni kuangalia, wote wawili wana miaka kumi na tisa na akili ya kuku. Waliposikia ving'ora Linwood alimtupia Thaddeus bastola, akamwambia, "Vuka!" Mwenyewe akalala chini mikono kichwani, akakamatwa hapohapo. Thaddeus akavuka, kwa sababu kila mvulana wa mji huu hufundishwa na wakubwa zake kwamba ukifukuzwa na polisi wa Texas unavuka kwenda Arkansas, na wa Arkansas wakikufukuza unarudi Texas, kana kwamba barabara ile ni mto wenye mamba, wakati polisi wa pande zote mbili wako jengo moja na huenda wanachangia hata birika la kahawa. Alipofika ng'ambo aliingia kwenye duka la kuku wa kukaanga la Bi Earlene, akamwelekezea bastola usoni, akachukua ufunguo wa gari lake. Alikamatwa kwenye taa za pili. Taa ilikuwa nyekundu naye akasimama, kwa sababu mama alitulea tusimame taa ikiwa nyekundu.

Texas walimhukumu Linwood, na Arkansas wakamhukumu kaka yangu. Mwendesha mashtaka wa Texas aliona Arkansas imeshamshika kaka yangu vya kutosha, akamwacha huko. Majaji wawili, kila mmoja upande wake wa barabara, walitamka neno moja: ishirini. Mama alinishika mkono akasema, "Angalau wamelingana." Hakuna aliyemweleza kwamba ishirini ya Texas na ishirini ya Arkansas hazipimwi kwa kibaba kimoja. Kwa kosa kama lile, Texas mtu akimaliza nusu jina lake linafika mbele ya bodi ya parole, nao wanapiga kura, wanaweza wakakataa mwaka hata mwaka, ila kwa Linwood walikubali. Arkansas inataka kwanza asilimia sabini, ndipo mtu afungue mdomo. Kwa hiyo mwenye bastola yuko nje akibadilisha matairi, na aliyetupiwa bastola bado yuko ndani, ana kama miaka mitatu mbele yake.

Haya nayajua kuliko ninavyojua mistari ya viganja vyangu, Bi Willodean, kwa sababu niliyaandikia tasnifu ya shahada ya pili. Naweza kukuambia kwamba Georgia wizi wa kutumia silaha unakula miaka kumi kamili kabla hujaomba lolote, na kwamba Maine walifuta parole tangu miaka ya sabini, na kwamba mtu mmoja, kwa kosa moja, siku moja, anaweza kuwa kijana au mzee anapotoka kulingana na upande gani wa kichaka alisimama. Nilipata alama ya juu kabisa. Thaddeus hakupunguziwa hata siku moja.

Sasa utauliza nilimpendaje mtu huyu. Sikumpenda, nilikwenda kumtukana. Aliporudi alimtuma mtu aniambie kwamba yuko pale karakana na kwamba hatanisalimu kama sitaki kusalimiwa, na heshima ile ilinichoma kuliko tusi, nikavuka barabara nikasimama mbele yake na kumwambia yote, kwamba alikula mezani kwetu tangu utotoni, kwamba mama alimshonea suruali, kwamba alimtupia kaka yangu miaka yake kama mtu anavyotupa mfupa. Wenzake walizima mashine wasikilize vizuri. Yeye aliweka chini spana, akasikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Nikasema, "Huna la kusema?"

Akasema, "Endelea. Bado hujamaliza."

Ilikuwa kweli, sikuwa nimemaliza. Nilirudi wiki iliyofuata kumalizia, na iliyofuata tena, na sijui ni lini maneno yaliisha nikaendelea kwenda. Hajawahi kuniambia alikuwa mtoto, hajawahi kuniambia njaa, hajasema shetani. Husema tu, "Nilitupa. Yeye alidaka." Katika maisha yangu yote ya kusoma sijakutana na mtu asiyejitetea kiasi hicho, na mimi, ambaye hujitetea hata usingizini, nilijikuta nataka kukaa karibu naye.

Mama alijua kabla sijasema, maana katika mji huu habari hazihitaji kibali cha kuvuka. Aliniambia tukiosha vyombo, bila kunitazama: "Wewe msomi. Katika wanaume wote wa majimbo hamsini, umemkosa mwingine?"

Nikasema, "Mama, amebadilika."

"Sijauliza kama amebadilika. Hata maziwa hubadilika. Nimeuliza kama umemkosa mwingine."

"Kwani yeye ndiye aliyeandika sheria? Yeye ndiye aliyesema huku sabini na kule nusu?"

"Sheria haikula mikate yangu, mwanangu. Yeye aliila." Kisha akafuta sahani ileile mara ya pili.

Huyo ndiye mama yangu. Kila Jumapili ya pili anaendesha gari mpaka gerezani kumwona Thaddeus, na mimi kazi hunibana, na akirudi hukaa barazani bila kuvua kofia ya kanisani, akitazama upande wa Texas, ambako Linwood Jumapili huwa amekaa mlangoni mwa karakana na sahani ya samaki mapajani. Kwetu, kama unavyojua, mwanamume akitaka binti hufika kwenye baraza la mama yake, hukaa kwenye kiti kigumu, hula pai atakayopewa hata ikiwa imeungua, na huulizwa maswali mpaka kola ilowe. Dada wa mama waliposwa hivyo, na mama mwenyewe pia. Ndoa isiyopita barazani, wazee wa kwetu huisema kwa sauti ndogo kama ugonjwa.

Jumamosi moja, wiki mbili zilizopita, mama alikuwa kituo cha basi na mifuko yake, mimi nikiwa nyuma yake, na Linwood akatoka karakana, akavua kofia, akaita kutoka ng'ambo, magari yakipita katikati:

"Shikamoo, Mama!"

Mama akamjibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu kesi ile: "Shikamoo yako ibaki hukohuko Texas!"

Watu kituoni wakacheka. Mzee mmoja akasogea apate kuona vizuri. Lori likapita, na lilipokwisha kupita Linwood bado alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Nasikia unamtaka binti yangu!" mama akasema.

"Ndiyo, Mama! Namtaka, naye ananitaka!"

"Basi njoo umwombe! Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, baraza langu liko wazi! Njoo kama mwanamume, kwa miguu yako, usije kama kifurushi kilichogongwa muhuri wa serikali!"

"Na nikija?"

"Ukija nitakupa pai, ukae. Halafu nitaingia ndani, nina simu!"

Mzee wa kituoni akasema, "Ee Mola, hapa kuna kazi." Kila mtu alielewa. Akivuka bila kibali, mama anampigia afisa wake, na Linwood ana miaka karibu tisa iliyobaki ambayo Texas inaweza kumrudisha aimalizie. Asipovuka, basi ni mwanamume aliyeshindwa kuvuka barabara kwa ajili ya mwanamke, na mji mzima ulisikia.

Linwood akavaa kofia yake. Akasema, "Nitakuja!"

Jioni ile nilimwuliza kama ataomba kibali. Unaweza kuomba, watu huomba kwenda msibani, kwenda hospitali, na wengine hupewa. Akasema, "Nimeomba ruhusa ya kwenda chooni miaka kumi. Siombi ruhusa ya kuposa."

Na hapa ndipo penye jambo ninaloona haya kuliandika, ingawa sijutii. Sikumwambia asije. Nilisikia joto likinipanda kutoka tumboni mpaka masikioni, nikajua ni furaha. Nataka avuke. Nataka avuke mchana, amevaa suti, mbele ya mama na mzee wa kituoni na wale dada wa kanisani wanaonipa pole kana kwamba nimefiwa, nataka aukanyage ule mstari ambao si ukuta wala mto, ni rangi tu juu ya lami, ambao umenilia kaka na sasa unataka kunilia mume, na nataka kwa mara moja katika maisha yangu mtu aonyeshe kwamba hautambui. Nimeshamchagulia tai.

Nikiwa peke yangu naogopa, kisha naona haya kwa kuogopa, kisha nakasirika, na hasira ndiyo inayonipa usingizi. Najua utasema nisubiri miaka kifungo kiishe. Sitasubiri, familia yetu imeshasubiri vya kutosha kwa watu kumi. Najua utaniambia niiheshimu sheria, nami nitakuuliza, ipi? Ya upande gani? Usiniambie nisali, nasali. Niambie tu kama nina haki ya kumwacha avuke, na kama nina haki ya kumchukia mama yangu iwapo atainua ile simu.

Ni mimi,
Wa Mashariki ya Barabara

*

Binti wa Mashariki,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya bibi harusi mwenye wachumba wawili na mbele ya bwana anayedai jirani yake amemwibia mbwa, kwa sababu wao wana muda na wewe una Jumapili. Majina nimeyaficha kadiri nilivyoweza. Karakana sikuweza kuificha, nusu ya wasomaji wangu walibadilishiwa tairi pale.

Unayosema kuhusu majimbo ni kweli tupu, na sitakuambia uuheshimu mstari ule. Mstari ule ni upuuzi wenye taa za barabarani. Nimeishi kando yake tangu nizaliwe, nimezika watu pande zote mbili, na udongo ni uleule. Kwamba vijana wawili wapewe neno moja na majaji wawili, na neno hilo liwe na urefu tofauti kila upande, ni jambo la kumfanya mtu mwenye akili apige meza. Piga meza. Nitakushikia upande wa pili.

Lakini hukuniandikia kuhusu sheria. Umeniandikia nikupigie makofi, nami mikono yangu ina baridi yabisi.

Hebu soma tena barua yako, wewe unayesomesha wengine kusoma. Nani anavuka kwa hatari katika Jumapili yako hiyo? Si wewe. Wewe unavuka asubuhi na jioni bila kufikiri, umeandika mwenyewe. Anayeweka miaka tisa mezani ni yeye, ili wewe upate kumwonyesha mama yako jambo. Labda afisa atamwonya tu. Labda watamrudisha. Hujui, nami sijui, na wewe unacheza bahati nasibu hiyo kwa mgongo wa mwanamume uliyesema unampenda kwa sababu hajitetei. Asiyejitetea hutetewa, mwanangu. Wewe umemchagulia tai.

Umeniambia pia jinsi Linwood alivyomtupia kaka yako jambo zito akamwambia, "Vuka!" Nawe ulivuka barabara kumtukana kwa hilo. Sasa wewe unamwambia nini?

Kaa na swali hilo. Mimi naendelea.

Nimetafuta katika barua yako yote Thaddeus anasemaje, sijaona. Mama anasema, mchumba anasema, hata mzee wa kituoni ana maneno yake. Kaka yako ana asilimia tu. Una tasnifu juu yake na "kazi inakubana." Mimi nasema kazi haikubani. Unaogopa kumkalia mbele umwambie kwamba unaolewa na mwenye bastola. Mama yako, kwa umri wake, anaendesha gari kila Jumapili ya pili, na wewe unayevuka mpaka kila siku hujaweza kuuvuka mlango ule. Unataka kuona ujasiri? Uko pale, chumba cha wageni, kiti cha plastiki. Nenda Jumamosi hii. Mwambie kwa mdomo wako kabla hajaambiwa na mfungwa mwingine aliyesikia kwa shangazi yake. Akikutukana, sikiliza mpaka amalize. Unajua mtu wa kukufundisha namna ya kusikiliza hivyo, uko naye.

Yupo na mwingine uliyempita haraka. Bi Earlene. Umemtaja kwa kuku wake na gari lake, ukaenda zako. Mimi hununua kwake. Mpaka leo hasimami akiupa mlango mgongo, na kijana akiingia amevaa kofia ya sweta yeye huweka mikono juu ya kaunta, wazi, kabla hajajua kwamba ameiweka. Yeye naye yuko ndani ya ile ishirini. Ukiwa unahesabu dhuluma ya mstari, mhesabu, la sivyo hesabu yako ni ya upande mmoja kama za wale unaowalaumu.

Sasa na wewe, mama wa huyu binti. Najua unasoma ukurasa huu, sote wa umri wetu tunausoma, kabla ya matangazo ya vifo. Dada yangu, nimekusikia. Ulichokisema pale kituoni hakikuwa mwaliko, kilikuwa kilio, ila ulikipigia kelele mbele za watu na sasa kina miguu. Unamwona mtoto aliyekulia mezani kwako anakula samaki juani, na wako anakula kwa kengele ya gereza. Mimi ningechukia sahani ile pia. Lakini siku utakayoinua simu, Thaddeus hatatoka dakika moja mapema. Hakuna afisa duniani atakayekuambia, "Asante mama, huyu tumemchukua, mchukue wako." Utakuwa na wawili ndani, na binti anayeosha vyombo kimya. Iache simu mahali pake. Na pai usiichome kwa makusudi, tunakujua.

Turudi kwako, Wa Mashariki. Uliuliza kama una haki ya kumchukia mama yako. Haki unayo, watu wana haki ya mambo mengi ya kijinga. Usiitumie.

Hili ndilo utakalofanya. Leo hii, gazeti hili likiwa bado kwapani, nenda karakana umwambie Linwood asivuke. Usimwambie kwa upole hata aweze kukubembeleza. Sema, "Sikutaki barazani kwetu bila kibali, na tai nimeirudisha." Atasema maneno yake mazuri ya chooni. Ni maneno mazuri, nilicheka peke yangu, kisha nikahuzunika. Mjibu kwamba aliyeomba ruhusa miaka kumi akatoka akiwa bado mtu hawezi kupunguzwa na ombi moja zaidi, na kwamba safari hii anaomba kitu anachokitaka. Aliandike ombi wiki hii: kuposa, baraza la fulani, saa fulani, kurudi saa fulani. Wewe usimwandikie, hata kama kalamu inakuwasha. Wakikataa, aombe tena. Kusumbua ofisi kwa njia halali ni ukaidi wa daraja la juu, nawe una kipaji nao.

Na kama mama yako hataki mwanamume mwenye muhuri, basi ndoa ifungwe Texas, mchana, mlango wazi, na aalikwe kwa kadi na kwa mdomo. Yeye hana afisa wa kumkataza kuvuka. Akija, msimshangilie kama mgeni wa serikali, mpeni kiti na muache anune. Asipokuja, mpelekee sahani. Asipoipokea, iweke barazani uondoke, na kesho yake upeleke nyingine.

Hiyo tasnifu yako iliyopata alama ya juu iko wapi? Kwenye rafu ya maktaba, inakusanya vumbi na sifa. Sheria ya Arkansas hutungwa Little Rock na ya Texas hutungwa Austin, na pale pote kuna vikao ambapo raia husimama akasema. Ule mstari hautikisiki kwa kukanyagwa, ingekuwa hivyo ungekwisha zamani kwa malori tu. Unatikisika pale ulipochorwa. Nenda ukaseme kwa nini ishirini si ishirini. Mchukue Bi Earlene kama atakubali, na kama hatakubali mwulize angetaka useme nini, uyaseme hayo pia hata yakikuuma. Ukisimama mbele ya watu wazima wenye tai na sauti ikakutetemeka, hapo utakuwa umeasi kitu. Kumtazama mchumba wako akipita kati ya magari, hiyo ni sinema.

Bado imebaki Jumapili ya mwisho wa mwezi, na mji mzima utakuwa kituoni umejifanya unasubiri basi. Usiwanyime. Toka kanisani na mama yako, mfikishe barazani, mvue kofia, mbusu. Mwambie, "Mama, haji, kwa sababu nimemkataza." Kisha vuka wewe, mchana, taratibu, taa ikiwa kijani. Kaa na Linwood mlangoni mwa karakana na uuache mgongo wako uwaangalie wanaotaka kuangalia. Aliyeahidi kuja ni yeye na atachekwa, kwa hiyo ukae karibu wakati anachekwa, ule naye samaki, mpaka wote wamechoka kucheka na basi limekuja kweli.

Bi Willodean